Mfano Uliofika Somanga

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ambayo hakuna anayeyasoma kwa kupenda. Watu wakitengeneza programu ya kompyuta, lazima mtu aandike maelezo ya namna ya kuitumia, na maelezo hayo huwa na makosa tele. Mimi hukaa chumbani kwangu Rasbura, mjini Lindi, feni ikizunguka umeme ukiwapo, nikipitia kurasa hizo mstari kwa mstari. Nikikuta kosa napendekeza sahihisho, na wenye ukurasa, ambao sijawahi kuwatia machoni, wanalikubali au wanalikataa. Majirani wanajua nafanya kazi ya mtandaoni, na wapo wanaodhani natapeli watu. Nimechoka kuwaeleza.

Miaka hii ya karibuni nimekuwa kwenye programu za kontena. Neno hilo lisimtishe mtu. Zamani ukitaka kuweka programu kwenye kompyuta ulihangaika na kila kinachokosekana, leo hiki, kesho kile. Siku hizi unaipata imefungwa pamoja na mahitaji yake yote, na hicho kifurushi ndicho kontena. Wewe unaiwasha tu. Kompyuta moja inabeba kontena nyingi. Ili zizungumze, kila moja inapewa anwani, yaani namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na wewe unaamua kontena zako zikae katika kundi gani la anwani. Sharti ni kwamba kundi hilo lisiingiliane na anwani za vitu vya kweli vilivyokuwapo kabla, kama printa, kamera na kompyuta za jengo la pili. Vikiingiliana, kompyuta inadhani kile kilichoko nje kimo ndani yake, inakitafuta mahali ambapo hakipo, na haimwambii mtu.

Sasa, anayeandika maelezo hana budi kutoa mfano, na mfano hauna budi kuwa na namba. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mtu amekaa kwenye kiti chake kizuri, anaweka namba ya kwanza inayomjia, anachukua eneo kubwa kuliko linalohitajika kwa sababu halimgharimu kitu, kisha anaendelea na chai yake. Ukimuuliza anakwambia ni mfano tu. Nimelisikia neno hilo "tu" mpaka nimelichukia.

Sisi ni watu wa Somanga, pale barabara ya Dar na Lindi inapopita katikati ya kijiji na mabasi yanasimama abiria wanunue samaki wa kukaanga na korosho. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alituandikia aya juu ya ubao, nasi tukainakili chini yake, herufi kwa herufi. Hakuwa mtu wa fimbo. Ila mtoto aliyeongeza nukta au kuisahau alifutishwa ubao wote na kuanza upya, maana katika maandishi yale nukta moja inageuza herufi, na herufi inageuza maneno ya Mungu. "Nani kakwambia uongeze?" alikuwa akiuliza, kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliotutia haya. Waliosoma kwake utawajua mpaka leo. Ukiwapa maandishi, wanakurudishia yale yale. Kubadili kilichoandikwa na mwalimu, hata kidogo, ni kukosa adabu.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote chuoni. Alipokua akasomea umeme Lindi, akarudi nyumbani, akaweka meza karibu na kituo cha mabasi akitengeneza simu za watu. Kompyuta alijifundisha mwenyewe. Ilipokuja kampuni ya kununua pweza ikajenga ofisi kando ya barabara na chumba cha baridi kule ufukweni, ilimwajiri awe fundi wa mitambo yake. Mama alitangaza habari hiyo mpaka kwa watu waliokuwa wameshaisikia.

Mama naye ni mtu wa pweza. Maji ya bamvua yakitoka, yeye na wanawake wenzake huingia mwambani na miti yao, wakichokoa pweza mashimoni. Mwaka ule kijiji kilikubaliana kuufunga mwamba. Maana yake ni kwamba kwa miezi kadhaa hakuna anayeukanyaga, ili pweza wakue, kisha unafunguliwa siku moja kwa wote. Kukubaliana haikuwa rahisi. Wanawake wengi hawana shamba la mikorosho wala mume wa kuwaletea, mwamba ndio chakula chao, na kuuacha ni kufunga mkanda kwelikweli. Mama alikuwa miongoni mwa waliowashawishi wenzake. Aliwaambia wavumilie, pweza watakuwa wakubwa, na chumba cha baridi kipo, na mwanawe ndiye anayekisimamia.

Siku ya kuufungua niliambiwa habari zake kwa simu, na nilisikia vigelegele nyuma ya sauti ya mama. Pweza walikuwa wakubwa kama alivyoahidi. Chumba kilijaa mpaka mlangoni, kikafungwa, na amri ikatolewa kisifunguliwe baridi isitoke, mpaka lori la Dar lije.

Chumba kile kilikuwa na kipimajoto kilichopeleka vipimo kwenye kompyuta ya ofisini. Joto likipanda, kompyuta ilitakiwa kupiga simu ya meneja na ya mlinzi. Kabla ya mwamba kufunguliwa, mdogo wangu aliambiwa aweke programu mpya ya kazi hiyo, nayo ilikuja katika kontena. Akafungua ukurasa wa maelezo, akaufuata. Akajaribu printa, ikachapa. Akaangalia kioo cha kompyuta, kipimo kikaonekana kiko chini kabisa, baridi tupu. Akaridhika, akaenda kuswali.

Chumba kikiwa kimeshajaa pweza, umeme ulikatika, ukarudi ukiwa dhaifu, na mtambo wa baridi ukagoma kuwaka. Simu ya meneja haikulia, ya mlinzi haikulia. Lori lilipofika wakafungua mlango, na harufu ikafika barabarani. Mama aliniambia kwamba wanawake walisimama pale, kisha mmoja akavua kanga ya pili akajifunika pua, na wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Walimwaga pweza wote kwenye shimo. Mwamba haujafungwa tena tangu siku ile, na ukitaja habari hiyo sasa wanakutazama kama umewatukana.

Mdogo wangu alifukuzwa kazi. Meneja hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo ingawa nina sababu za kusema vingine. Alimwita, akamuuliza alikosea wapi, na mdogo wangu akajibu kwamba alifuata maelezo kama yalivyo. Meneja akamwambia maneno haya, mama akiwapo: "Kama ni maandishi yaliyokupotosha, niletee niyaone kwa macho yangu. Nikiridhika nitakurudisha, na nitasema mbele ya wanawake wote kwamba si wewe." Kisha akaitwa Dar kwenda kujieleza kwa wenye kampuni.

Nilipokwenda Somanga nilimkuta mdogo wangu kibarazani. Ile meza yake ya simu alikuwa ameirudisha kituoni, lakini ilikuwa tupu. Hakuna aliyemtukana. Watu wetu hawatukani, wanaacha tu kuleta simu. Walimsalimia vizuri, wakaulizia hali ya mama, kisha wakapanda gari kwenda kutengenezesha simu zao Nangurukuru.

"Nionyeshe ulichoandika siku ile," nilimwambia.

Akafungua laptopu yake. Alikuwa ameziandika amri zote kwa mkono, bila kunakili na kubandika, ili awe na hakika na kila herufi.

"Nilifuata kama ilivyo, dada. Sikubadilisha hata nukta."

Niliiona namba kabla hajamaliza kusema. Ukurasa ulisema, kwa mfano, zipe kontena zako kundi la 192.168.0.0/16, na hilo si kundi, ni nchi. Ni anwani zote zinazoanza na namba hizo mbili za kwanza, ambazo ofisi na nyumba nyingi duniani ndizo zinazozitumia ndani kwa ndani. Ni sawa na mtu anayetaka mahali pa kujenga banda la kuku akajiandikishia kata nzima. Ofisi ya barabarani ilikuwa na kundi lake dogo humo, na chumba cha baridi kilikuwa na lake, humo humo. Vitu vya ofisini kompyuta iliendelea kuviona kwa sababu vilikuwa jirani yake, ndiyo maana printa ilichapa. Lakini kipimajoto cha ufukweni ilianza kukitafuta ndani ya kontena zake. Haikukiona, na kwenye kioo ikabakiza kipimo cha mwisho ilichopokea kabla ya anwani hizo kuwekwa.

Nilimweleza taratibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika ukingo wa laptopu.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Ni mfano wao."

Akainamisha kichwa. Mama alikuwa mlangoni. Hakuelewa habari za namba, lakini hilo la mwisho alilielewa, akaniuliza kama maneno hayo meneja atayakubali kutoka kwangu. Nikajua hatayakubali. Dada kumtetea ndugu yake ni jambo la kawaida, nani atamsadiki? Nikawaza kwamba kinachotakiwa ni wenye ukurasa wenyewe wakiri. Wakilifuta kosa kwa mkono wao, nani atabisha tena? Na isitoshe ilikuwa kazi yangu. Siku hiyo hiyo huenda kulikuwa na mtu mwingine mahali pengine akiinakili namba ile.

Nikarudi Rasbura nikaandika pendekezo. Msimamizi wa ukurasa ule simjui jina lake la kweli wala anaishi wapi, picha yake ni ya mbwa aliyevaa miwani. Alinijibu kwa adabu: ule ni mfano tu, kila mtu anajua kwamba mfano haunakiliwi kama ulivyo.

Nilimjibu: "Kwetu mfano unanakiliwa. Ndiyo sababu ya kuutoa."

Akanyamaza siku kadhaa. Nami hasira ikanipanda, nikamwandikia kisa chote, mwamba, wanawake, chumba cha baridi, shimo. Sikukipamba wala sikumlilia. Nilidhani atasema mambo ya pweza hayamhusu. Badala yake aliandika kwamba amesoma na kwamba anasikitika sana, na hakuwa amewaza kabisa kwamba mstari ule ungefika mahali kama hapo. Akaniomba mimi mwenyewe niandike upya sehemu ile. Niweke kundi dogo la anwani, na juu yake niongeze onyo, ndani ya kisanduku cha njano, ambalo mtu hawezi kulipita bila kuliona.

Sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama nilivyoandika onyo lile. Niliandika kwamba msomaji asizinakili anwani hizi kama zilivyo. Kwanza aangalie mitandao yote iliyopo katika majengo yake, hata yale ya mbali, achague kundi lisilotumiwa na kitu chochote, kisha ahakikishe kwamba kila kifaa bado kinafikika. Nilimfikiria mdogo wangu kwa kila sentensi. Niliandika kama namwandikia yeye. Msimamizi akasoma, akakubali bila kubadili neno, na ukurasa ukageuka kwa dunia nzima mara moja.

Nilipiga simu Somanga. "Wamekubali kosa lao," nilisema, na mdogo wangu akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Mama aliniambia baadaye kwamba mdogo wangu alikwenda kumwambia hata muuza maji.

Meneja aliporudi kutoka Dar tulikwenda kumwona, mimi na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, mikunjo ya mikono imesimama wima. Mama alibaki nyumbani akipika wali wa nazi, chakula ambacho kwetu hakipikwi siku isiyo na jambo.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibuni. Karibuni mkae."

Nilieleza kwa ufupi. Meneja akatikisa kichwa, akasema sawa, ahadi ni ahadi, tuone. Akageukia kompyuta yake mwenyewe na kumwomba mdogo wangu amtajie jina la ukurasa. Akautafuta, akaupata, akavaa miwani. Ulikuwa kwa Kiingereza, naye alikuwa akituambia kwa Kiswahili kadiri anavyosoma, polepole, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Usinakili anwani hizi kama zilivyo." Akateremsha kidole. "Kwanza angalia mitandao yote iliyopo katika majengo yako, hata yale ya mbali."

Hata wakati huo nilikuwa bado sijaelewa vizuri, nilikuwa nasubiri tu amalize.

Alimaliza. Akavua miwani, akamtazama mdogo wangu, wala hakuwa na hasira, ilikuwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Kijana wangu, mbona imeandikwa hapa? Tena kwa rangi ya njano. Wamekwambia usinakili, wamekwambia uangalie majengo ya mbali, wamekwambia uhakikishe. Wangesema nini zaidi?"

"Haikuwa hivyo," nilisema. "Hilo onyo limewekwa juzi. Ni mimi niliyeliandika."

"Wewe?"

"Mimi. Ndiyo sahihisho lenyewe. Zamani ilikuwa namba nyingine."

Nikamwomba nimwonyeshe, kwa sababu kurasa hizi zina mahali zinapohifadhi mabadiliko yake yote, kilichofutwa kikiwa na rangi nyekundu na kilichoongezwa kikiwa na kijani. Nikamfungulia. Namba ile ilikuwapo, nyekundu, na chini yake maneno yangu. Meneja aliangalia kwa muda. Kisha akaweka kidole mahali ambapo sikutaka akiweke.

"Hapa pameandikwa jina lako."

"Ndiyo, kwa sababu mimi ndiye niliye..."

"Na tarehe hii ni ya juzi. Pweza wameshaoza zamani." Alisema polepole, kama mtu anayepiga hesabu bila kupenda jibu lake. "Kwa hiyo wewe, ukiwa Lindi, unaweza kuingia humu ukaandika unachotaka. Na kama unaweza kuandika hiki cha kijani, nitajuaje kwamba hiki chekundu hukukiandika wewe?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilimweleza habari ya msimamizi, nikamweleza kwamba hakuna mtu anayeweza kughushi historia ile, nikamwonyesha na picha ya mbwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu mwenye la kuficha. Yeye hakubisha. Alikuwa ameshanisikia, na alikuwa ameshaona kwa macho yake kile alichosema atakiona. Nilimchukia wakati ule. Nikimfikiria sasa, sijui mimi ningeamua vipi kama ningekaa kwenye kiti chake.

"Dada yako anakupenda," alimwambia mdogo wangu. "Hilo ni jambo zuri."

Mdogo wangu akasimama, akampa mkono, akashukuru. Akaniambia, "Dada, twende."

Tulitembea kando ya barabara, yeye mbele kidogo. Basi lilikuwa limesimama na wauza korosho walikuwa madirishani, na mmoja wao alimsalimia, naye akaitikia. Nilitaka kumwomba radhi lakini sikujua kwa lipi, maana nilichofanya kilikuwa sahihi na kila neno nililoandika lilikuwa la kweli. Mwandishi wa ule mfano wa kwanza hakuna anayemjua wala atakayemuuliza. Kosa lake limefutwa na mkono wangu. Ukurasa sasa hauna lawama, na aliyebaki na lawama ni mtu mmoja tu katika dunia yote, na nilikuwa naona mgongo wake mbele yangu, shati limeanza kulowa jasho.

Tulipokaribia nyumbani alipunguza mwendo hadi nikamfikia.

"Umeandika vizuri, dada," alisema. "Ningeyakuta maneno hayo siku ile, ningekwenda kuangalia kule ufukweni kwanza."

Hakusema kwa kunichoma. Angesema kwa kunichoma ningejua la kujibu.

Mama alikuwa amesimama kibarazani, mwiko mkononi. Alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa hakupata jibu kwenye nyuso zetu, aliuliza huo ukurasa umesemaje.

"Uko sawa, mama," mdogo wangu akamjibu. "Umesharekebishwa."

"Alhamdulillahi," mama akasema, na akaingia ndani kupakua wali.